Wageni wa Ersilia

Alhamisi, 3 Julai

Nimefungua nyumba ya juu. Mara ya kwanza tangu Machi. Ufunguo ulikataa, kisha ukakubali.

Harufu ya mawe baridi na majivu ya meko. Na lavenda. Ersilia, mke wangu, aliiweka kila mahali, hata kwenye droo ya visu. Nilikaa kwenye kitanda cha marehemu mama mkwe – hii ilikuwa nyumba yake kabla hatujaanza kupangisha – nikapumzika dakika tano. Nilidhani ni tano. Kengele ya kanisa ikalia saa sita, na nilipanda saa tano kasoro.

Nimepiga pasi mashuka. Yeye aliyapiga pasi yangali na unyevu, akiimba bila maneno. Mimi nimeunguza foronya moja. Nimeigeuza, alama iangalie chini.

Karatasi yake bado iko kwenye friji, mwandiko wa shule ya masista: Karibuni. Chupa msichanganye na taka za jikoni. Dirisha la bafu lisukumeni polepole, ni zee. Mkikosa kitu gongeni chini, tupo.

Tupo. Sikuibandua.

Loredana amepiga simu kutoka Ancona. Binti yetu ndiye anayewasiliana na wageni kwa mtandao. Anauliza, baba, umeshajua utawaambiaje? Maana Aprili alitaka kuwaandikia, nikamkataza. Nilimwambia watu wamekuja kwetu miaka saba, hawawezi kupewa habari ya kifo na mashine. Nitawaambia mwenyewe, mlangoni, uso kwa uso.

Ni rahisi, nilisema.

Jumamosi, 5 Julai

Wamefika saa kumi. Gari lile lile jeupe, na vumbi la njia nzima kutoka Denmark. Preben ameinama zaidi ya mwaka jana. Kiitaliano hana, ana "sì" moja tu, yaani ndiyo, anayoitumia kwa kila jambo. Bente, mkewe, ana kofia yake ya majani na lugha yake ya darasa la jioni, kila neno limenyooshwa kwa pasi.

Akanikumbatia. Kisha akachungulia nyuma ya bega langu.

"Na Bibi Ersilia, yeye yuko wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa. Siku mbili nimefanya mazoezi mbele ya kuku. Hayupo tena. Maneno mawili, kwetu hapa kila mtu anaelewa.

Nikasema, "Hayupo."

La pili likakwama! Lilikuwa hapo hapo kwenye ulimi. Mbayuwayu wakapita juu ya paa kwa kelele zao, sote tukainua vichwa, na tulipovishusha Bente alikuwa anatabasamu.

"Aa. Atarudi saa ngapi?"

Nikatazama bonde. Nikasema jioni.

Jioni! Mungu wangu. Nimewaonyesha kuni, nimewaonyesha mtungi wa gesi kana kwamba hawaujui, nikashuka haraka kama mwizi.

Sikusema uongo. Limepungua neno moja tu. Kesho nitaliongeza.

Jumapili, 6 Julai

Sikuliongeza.

Baada ya misa Bente aliniuliza tena. Nikasema yuko kwa dada yake. Akasema mpe salamu zangu, nikasema zimefika.

Mchana wote nimekaa chini ya dirisha lao, kwenye benchi, na gazeti ambalo sikulisoma. Joto. Mlima wa ng'ambo ulikuwa umefifia kabisa, kama umechorwa kwa penseli. Juu, jikoni, Bente alikuwa anajifunza kusoma karatasi ya friji kwa sauti. Dirisha la bafu. Lisukumeni. Polepole. Maneno ya Ersilia yanatoka kwenye kinywa cha mtu mwingine, yakijikwaa, yanarudia. Nikafumba macho. Lafudhi haikuwa yake, ila pumzi... Alipofika kwenye "tupo" nilisema "ndiyo" kwa sauti. Namshukuru Mungu hakuna aliyesikia.

Tangu mazishi watu wa hapa hulizunguka jina lake kama shimo la barabarani. Nikiingia dukani linapotea. Hawa wawili wanalitaja kila saa, Ersilia angesema, Ersilia anapenda, tumuulize Ersilia. Nilikuwa sijui kwamba nina njaa nalo.

Usiku wa kuamkia leo nimelala usingizi mzima. Sijalala hivyo tangu Machi.

Jumatatu, 7 Julai

Kijiji kizima kinajua. Bente aliuliza kwa mwoka mikate bei ya mkate na hali ya Ersilia kwa sentensi moja, na mwoka mikate si mtu wa kukaa na siri.

Nilipoingia baa, Nazzareno aliniwekea kahawa bila kuniuliza. Akafuta kaunta mahali palipo safi.

"Settimio bwana, mkeo leo yuko wapi? Jana alikuwa kwa dada yake. Niambie mapema, nisije nikasema tofauti."

Wacheza karata wakageuka. Nilidhani nitaaibika mpaka nife. Kisha mzee Quirino, bila kuinua macho, akasema:

"Mwambie ameenda kutengeneza nywele. Ersilia akienda kutengeneza nywele, ilikuwa siku nzima."

"Siku nzima na nusu!" akasema mwingine. "Na akirudi, ole wako usitambue."

Tukacheka. Nilicheka mpaka kahawa ikamwagika. Nikamwona kabisa, anashuka kwenye basi la saa nane, kitambaa kichwani upepo usiharibu, ananiangalia kwanza yeye, anangoja. Na mimi sikutambua. Mara ngapi sikutambua!

Nazzareno alinitoa nje akanionyesha ubao wa matangazo. Tanzia yake ilikuwa bado ipo pale, na picha ile aliyopigwa kwenye harusi ya Loredana. Ilikuwa. Sasa pana tangazo la sikukuu ya kula konokono, kubwa, la kijani.

"Wanapita hapa kila asubuhi," akasema. "Nikaona nikusaidie."

Nikashukuru. Alipoingia ndani nilibaki. Niliweka kiganja juu ya konokono, pale uso wake ulipo kwa chini. Gundi ilikuwa bado mbichi.

Nimemficha mke wangu chini ya konokono.

Jumatano, 9 Julai

Jana sikuandika. Ukungu ulijaa bondeni asubuhi, sisi juu yake, kengele za kondoo zikilia kutoka chini kusikoonekana. Ersilia aliita siku kama hizo siku za kisiwani. Hajawahi kufika kisiwani.

Leo nimeoka. Bente alikuwa ameuliza mara mbili kuhusu pai ya jemu ya cheri chachu ambayo Ersilia huwapelekea kila mwaka. Nikaitafuta karatasi yake ya mapishi. Unga kiasi. Siagi kiasi. Sukari kiasi, si nyingi. Kiasi gani, mama? Nilimuuliza hivyo kwa sauti, jikoni, na mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko.

Ilitoka vizuri kwa macho. Nikaipandisha ikiwa bado na joto. Nikasema, "Ersilia amewaletea."

Ndiyo. Huo sasa ni uongo wenye miguu.

Preben alikula vipande viwili, akasema sì. Bente alitafuna taratibu. Akaweka uma chini.

"Amesahau ganda la limau," akasema. Hakulalamika. Alikuwa na hofu. "Yeye hasahau. Anaumwa?"

"Mikono," nikasema. "Kidogo."

"Anaumwa mikono, na bado ametupikia!" Macho yakamjaa machozi. Akaingia ndani akatoka na kopo la dawa ya kuchua, ya kwao. Ajipake asubuhi na jioni, akasema, na asifue nguo kwa maji baridi. Akanishika mkono. Akasema Ijumaa, siku ya mwisho, watapika wao, njooni wote wawili. Kama amechoka, aje kwa dakika kumi tu. Hawawezi kuondoka bila kumwona.

Kopo liko hapa mezani. Ni dawa nzuri. Nimejipaka magotini, yamepata nafuu, na nimeona haya hata mbele ya kuku.

Alhamisi, 10 Julai

Zelinda ameingia bila hodi. Shemeji yangu, mdogo wake Ersilia. Nyeusi tupu kutoka kitambaa cha kichwa hadi viatu.

"Shemeji, una akili timamu wewe?"

"Keti, Zelinda."

"Siketi! Dada yangu mara yuko kwangu, mara saluni, mara anaumwa mikono. Alipokuwa hai hakuzurura hivyo!"

Nikacheka. Naye mdomo ulimcheza, akaukaza.

"Miaka thelathini na minne umegawa barua kijiji hiki. Zenye ukingo mweusi, za msiba, nazo umezigawa, mvua, theluji, hukurudisha hata moja. Leo hii inakushinda kupandisha neno moja ghorofani?"

"Nilitaka kusema. Nilikuwa nimeanza."

"Umeanza! Mtu gani anaanza kifo halafu anaacha katikati?"

Nikamuuliza yeye je, amekutana na Bente chemchemi asubuhi, nimewaona, mbona hakumwambia mwenyewe kama ni rahisi.

Akavuta kiti. Alikaa.

"Aliniuliza, dada yako hajambo?" Alikuwa anaangalia meza. "Nikasema hajambo."

"Wewe?"

"Lilitoka lenyewe, Settimio. Hajambo. Miezi minne sijalisema. Nikamwongezea kwamba anasalimu sana." Akachukua kitambaa cha vyombo akajifunika uso. "Lilikuwa tamu, we acha tu."

Nilimpa mvinyo kidogo na biskuti ngumu ya kuchovya. Alipotulia akasema jambo ambalo limekaa kichwani mwangu mchana wote. Alisema yule mama anampenda. Akiondoka kesho kutwa bila kujua, tutakuwa tumemwibia kilio chake. Sisi tulilia mpaka tukashiba, yeye bado.

"Na atajua tu," akasema mlangoni. "Loredana ataandika. Atakumbuka ile pai. Atajua alikula nini."

Alipoondoka nilitoka bustanini. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mnara, mawe yote rangi ya asali. Nikawasikia juu wakiongea kikwao, sielewi lolote, ila kila baada ya muda, Ersilia. Kama taa inayowashwa chumba kimoja hadi kingine.

Nikishasema, hakuna tena mtu duniani atakayeniuliza atarudi saa ngapi.

Ijumaa, 11 Julai

Asubuhi Bente alishuka mjini kununua samaki. Preben alikuwa nyuma, chini ya mtini, na beseni la maharagwe mabichi ya kumenya. Akanisogezea kiti kingine. Nikaketi, nikaanza kumenya.

Hapendi kusema na mimi sipendi. Maganda yalikuwa yanalia tu, pap, pap. Nyuki kwenye tini. Sijui ilianzaje. Nilisema, unajua, Preben, alikuwa anayamenya haya huku amefumba macho. Akasema sì.

Nikasema ilikuwa Jumanne. Sì. Nikasema alikuwa anaanika foronya kwenye kamba ya juu, kwa ajili ya wageni wa Pasaka, nikasikia kikapu kimeanguka. Kikapu tu. Nikamwambia kutoka dirishani, acha, nitakuja kuokota. Nikamalizia kahawa yangu kwanza. Hilo sijamwambia Loredana. Sijamwambia padri. Nilimalizia kahawa, Preben, haikuwa imebaki hata nusu kikombe, kisha nikapanda.

Hakusema sì.

Nikasema, amekufa. Hapa hatulitumii neno hilo, tunasema hayupo tena, tunasema ametutoka, na kwenye tanzia waliandika amelala katika Bwana. Mimi mwenyewe sikuwa nimelisema hata mara moja. Nililisema tatu, nne, kwa mtu asiyejua lugha, na mikono yangu inaendelea kumenya. Amekufa, amekufa mke wangu. Jani la mtini halikutikisika.

Preben aliacha kazi. Alinitazama muda mrefu kwa macho yake yale meupe-meupe. Kisha akachukua maharagwe yaliyokuwa kwangu, yote, akayaweka kwenye beseni lake, akayamenya yeye. Mpaka la mwisho. Mimi nilikaa tu.

Ikapita saa, labda zaidi. Gari likasikika kwenye kona ya chini. Akainuka na beseni lake akaingia ndani.

Sasa ni saa tisa. Nimevaa shati jeupe, mapema mno, chakula ni saa mbili. Niko kwenye meza ya jikoni kwangu, dirisha wazi, na la kwao juu liko wazi. Namsikia Bente anakata kitu, kisu kinagonga ubao. Anaimba. Maji yanatiririka, yanafungwa.

Preben anaongea. Sijawahi kumsikia akiongea maneno mengi hivyo. Polepole, Kidenmaki chake chote kile, na katikati neno moja la kwetu. Amelivunja vipande, karibu nisilitambue. Ame. Kufa. Anamuuliza mkewe. Anauliza maana yake ni nini.

Kisu kimeacha.

Anamuuliza tena, kana kwamba hakumsikia. Ame-kufa?

Hakuna sauti. Hata kuku.

Kiti kimeburutwa. Mlango wao. Ni Bente, najua viatu vyake, yuko kwenye ngazi za nje. Hakimbii. Anashuka moja, anasimama. Anashuka nyingine. Nimeshainuka, naandika nimesimama. Sijafunga mlango. Nitamwambia na ile kahawa, nitamwambia yote, yuko ngazi ya mwisho, amevua kofia