Kendi, Tushike Mstari Upi?

Kendi mwanangu,

Barua zote nilizokutumia ukiwa bwenini nilizianza kwa kuuliza kama u mzima. Hii sijui niianze wapi. Nimeshika kalamu toka asubuhi, chai imepoa.

Huku tuko. Mvua ilikuja ikaacha. Baba yako anakula, halafu anakaa tu. Ng'ombe yule mwekundu alizaa, na ndama hana jina mpaka leo, maana ni wewe ulikuwa unawapa majina.

Shida yangu ni Jumapili. Mwaka umeisha, na kanisa linakufanyia ibada ya kumbukumbu. Watauimba wimbo wako, ule uliotunga mwenyewe. Mwiti, ambaye ndiye anaongoza kwaya tangu uondoke, alikuja hapa akakaa kwa kile kiti chako, akasema, "Mama Kendi, tuambie tushike mstari upi. Wewe ndiye ulikuwa unamsikia nyumbani." Mimi, Kendi. Mimi ambaye hata kwaya ya akina mama waliniomba niimbe polepole.

Unakumbuka ulivyorudi likizo na mambo ya Madam, yule mwalimu wenu wa hesabu aliyetoka kusini mwa India? Ukaniambia kwao mwimbaji akifika mahali fulani kwa wimbo haendelei. Anachukua mstari mmoja, anaurudia na kuurudia. Maneno ni yaleyale, yanaanguka palepale kwenye pigo, lakini sauti inapanda, inashuka, inazunguka kila mahali kama mtu anayekagua shamba lake. Nikauliza, kwani mstari unaofuata ameusahau? Ulicheka mpaka ukaegemea ukuta.

Tukichagua maharagwe ulikuwa unaimba hivyo ukipiga paja. Kofi, vidole, unageuza mkono, kofi tena. Nikakuambia, "Kendi, wacha nzi wajiendee." Ukasema, "Mama, nikiacha hii nitapotea huko juu nishindwe kurudi."

Na ulipoifundisha kwaya yetu kushika mstari hivyo, ulisema si kila mstari unashikwa. Lazima uwe umekamilika, mtu akiusikia peke yake aelewe. Lazima uwe na mahali sauti inaweza kukaa, maneno yasibanane kama magunia. Na ule wa kilio Madam aliukataza kabisa. Ukaniambia, "Kitu ukikirudia hivyo kinaingia ndani ya watu, Mama. Sasa utawaingizia nini?"

Siku ya kukuzika kwaya walishika "Njia ni ndefu, miguu imechoka." Hawakuwa na ubaya, waliona unafaa siku yenyewe. Wakauzungusha, wakauzungusha. Hakuna aliyekuwa anashika pigo. Wengine walikuwa kwa "njia," wengine kwa "miguu," na kurudi kukawashinda. Wakanyamaza mmoja mmoja wakilia, wewe ukashushwa, na hakuna mtu aliyefika kwa ule mstari wa mwisho, wa taa. Wimbo wako haukuisha, Kendi. Mpaka leo naona kama tulikuacha njiani.

Ndiyo maana naogopa. Wakikosea tena Jumapili, sijui.

Nimeijaribu mistari yote hapa jikoni. "Mlima umejifunika wingu," huo unapita haraka, na ukiwa peke yake unabaki unangoja mwenzake. "Mikono yetu haina kitu," huo ndio wangu. Huo ningeuimba toka saa hii mpaka ng'ombe warudi, na sauti ingekaa tu. Lakini ni wa kilio, na nikiwapa watu huo watarudi nao makwao. Umebaki ule uliokuwa unaushika wewe: "Nyumbani kwako taa bado inawaka." Nikifika "kwako" nauacha, naanza kufuta meza.

Maana kifua kilipokubana mimi nilichemsha maji. Yakaisha nikachemsha mengine. Nilikuwa najua hicho tu. Ukaniangalia, ukaniambia nipumzike, na mimi nikaenda kuongeza kuni. Sasa nisimame niwaambie watu taa inawaka, na nyumba hii mchana naiona giza? Ningemuuliza Madam kama mama anaweza kuchagua mstari asiouamini. Lakini alirudi kwao kabla hujaugua, na huko sijui hata barua inapitia wapi.

Jana nilikaa na maharagwe. Mkono ukaanza wenyewe kwa paja. Kofi, vidole, kugeuza. Baba yako akaniangalia, akauliza, "Nzi wamerudi?" Hajasema maneno mengi hivyo tangu wakati ule. Halafu akatoka nje, na mimi nikaendelea kupiga, na machozi yanaanguka kwa maharagwe.

Basi nitamwambia Mwiti ni wa taa. Wewe uliuchagua, mimi nani nichague mwingine. Usifikiri nimepata nguvu. Sijapata. Kuimba sitaweza, hata "nyumbani" sitafika. Lakini nitamwomba aniwekee kiti mbele, karibu na kwaya.

Kaa salama mwanangu, huko uliko kusikobana kifua. Nakuahidi kitu kimoja, kwa sababu ndicho ninachokiweza. Wao wakienda juu na huo mstari, wazunguke wanavyotaka, mimi nitakuwa hapo chini napiga paja, ili wajue pa kurudia. Mkono huu ukichoka nitapiga na ule mwingine. Safari hii utafikishwa.

Mimi mama yako.