Kuku wa Krismasi Aliyevaa Soksi

Mama yangu mpendwa,

Na hapo ndipo simu ilipokatika, kabla sijakujibu. Uliniuliza kama mkwe wako atafika Krismasi hii, ukaongeza kwamba mtu aliyemwoa binti yako huwezi kumwita mwanao kwa kumwona kwenye simu tu. Nimetembea na maneno hayo wiki nzima. Nitakujibu, ila kwanza niambie mgongo unaendeleaje, na kama Baba bado anakataa kuvaa sweta asubuhi. Sisi hapa Dubai, mtaani Jumeirah Village Circle, ni wazima, na mimi nina furaha hadi wenzangu wa mkahawani wamechoka kunisikiliza.

Unajua Denis ameniletea zawadi gani? Wake wengine huletewa manukato. Mimi nimeletewa katoni ya majarida ya mapishi ya zamani, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Mama mmoja Mwingereza alikuwa anahama kutoka jengo analolinda Denis, akaiacha katoni mlangoni itupwe. Denis akamwomba.

"Chukua tu, lakini utayafanyia nini?" madam akamuuliza.

"Mke wangu alilelewa nayo ukutani."

Aliponisimulia nilimkumbatia akiwa bado na kofia ya kazi kichwani.

Nilikuwa nimemweleza yote, Mama. Jinsi ulivyopewa majarida kama hayo na yule mama uliyemfanyia kazi Kitale, ukayabandika kwenye ukuta wa jikoni kwa uji wa unga wa ngano ili upepo usipite. Ule ukurasa wa chakula cha Krismasi ulikuwa juu ya mtungi wa maji. Kila Krismasi ulisimama mbele yake na mwiko mkononi, ukatusomea: supu, bata mzinga, viazi vya kuoka, na ile keki inayowashwa moto. Kisha ukatupakulia kwa mpangilio uleule, mchuzi kwanza kwenye vikombe, halafu kuku, halafu chapati. Na kwa kuwa bata mzinga wa pichani alikuwa na vikaratasi vyeupe miguuni, kuku wetu ukamvika vikaratasi kutoka daftari langu la hesabu. Ulituambia kuku wa Krismasi huvaa soksi kwa sababu naye anaenda kanisani. Niliamini hadi kidato cha pili.

Kwetu upande wa nyuma wa ukurasa ulikuwa umegandishwa ukutani. Ndani ya katoni nikakuta ukurasa kama ule, na safari hii nikaugeuza. Kumbe vile vikaratasi ni vya kushikia mfupa usipake mafuta vidoleni. Nilicheka peke yangu, kisha nikakata vya kwangu.

Tulipika siku ya mapumziko ya Denis, mapema hivi, kwa sababu Krismasi hapa ni siku ya kazi na msimamizi wake alikuwa amemnyima likizo, ingawa mimi nilikuwa nimepewa yangu. Wakristo wote walikuwa wameomba wiki hiyohiyo. Sikutaka kukuambia kwenye simu. Tukamwalika Sulaiman, Mwislamu wa Jinja anayelinda naye. Nilipomweka kuku mezani, akamtazama sana.

"Shemeji, huyu anasikia baridi?"

"Nyamaza," Denis akasema. "Ni desturi ya kwa wakwe."

"Wakwe hujawaona hata siku moja, desturi zao umezijulia wapi?"

Denis hakucheka. Aliweka kijiko chini, akamweleza habari ya likizo. "Nataka mama yake anitazame vizuri," akasema. "Kama hanipendi, aniambie mbele yangu." Mama, nilijifanya naangalia viazi.

Sulaiman alimaliza mfupa wake kwanza. "Krismasi nitasimama mimi kwenye zamu zako. Idi utasimama kwenye zangu. Khalas, yameisha."

"Na msimamizi?"

"Yule anataka mtu mlangoni. Sura ya nani, haimhusu. Lakini Idi usije ukaniambia unaumwa tumbo."

Kesho yake wakaenda wote wawili, na msimamizi akakubali. Denis alinipigia nikiwa kazini, akaniuliza tununue tiketi za siku gani. Nikajua.

Basi jibu langu ni kwamba anakuja, Mama. Kila jioni ananiuliza amsalimie Baba vipi, na kama Kiswahili chake cha Uganda kitamchekesha. Anataka akupikie matoke kwenye majani ya mgomba. Nimemwambia akae kwanza atazamwe. Mtazame upendavyo. Ana mwanya, ananyoosha mashati yangu kabla ya yake, na mimi nampenda kupita ninavyoweza kuandika.

Msalimie Baba. Msalimie shangazi Rhoda aliyelia kwenye simu siku ya harusi hadi kasisi akangoja, na Wafula kaka yangu, mwambie viatu vyake nimevipata. Mtoto wa dada Nekesa mbusu kwa niaba yangu.

Wewe usihangaike na chochote, usifagie hata ua. Tandika tu kitanda cha chumba cha nyuma, maana mimi na mume wangu tutakuwa mlangoni kwako kabla ya Krismasi.

Binti yako akupendaye,
Nasimiyu, mke wa Denis