Mama na Binti Langoni mwa Shule

Nyumba Na. 9, Mtaa wa Tanner,
Barnsley,
Uingereza.
12 Machi 2023

Mpendwa mpwa wangu Craig,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Natumaini wewe, Tamsin na mtoto mu wazima huko Perth, na jua la Australia halijawageuza mkaa. Sisi huku miili ni mizima. Goti langu bado korofi, ila daktari aliponisikiliza moyo alisema hajawahi kukuta moyo wenye nguvu namna hii, akawaita wenzake waje wasikilize. Lakini nimechoka, Craig. Nimechoka kuliko siku ile niliposukuma lori la taka peke yangu mpaka juu ya mlima, injini imezimika na wenzangu wanapiga makofi.

Nchi uliyoikimbia imegoma karibu yote. Treni, wauguzi, posta, walimu. Sisi wa lori la taka tuligoma kabla ya Krismasi. Mimi nilisema neno moja tu pale yadi, na funguo zote zikawekwa mezani. Panya walinenepa mpaka paka wa jirani akahamia kwa ndugu zake Leeds. Nyongeza tukaipata, ikaliwa na bili ya gesi kabla sijaionja.

Siasa usiniulize. Mwezi uliopita kijana wa chama tawala aligonga mlango na vipeperushi vyake. Nilimkalisha, nikampa chai, nikamhoji habari za shule na hospitali mpaka jasho likamtoka, na alipoondoka hakukumbuka tena chama chake ni kipi. Kesho yake akaja wa upinzani. Huyo alikubali kila nililosema, na hapo ndipo nilipopata wasiwasi. Shule niliiacha nina miaka kumi na sita, lakini mtu anayekubali kila kitu namfahamu.

Sasa nifike kwenye lililonishikisha kalamu.

Unajua Leanne wangu sasa ni mwalimu, na anafundisha shule ile ile ambayo mkazamjomba wako Glynis ni mpishi. Mama na binti, geti moja, kila asubuhi mwavuli mmoja. Walimu walipiga kura ya kugoma, ikapita. Wapishi wana chama chao. Nao walipiga kwa posta, na karibu wote waliopiga walisema ndiyo, lakini waliorudisha bahasha za kura hawakufika nusu, na sheria yetu inasema bila nusu hakuna mgomo. Wengine bahasha waliibandika kwenye friji wakingoja siku watakayopita karibu na posta. Basi siku ya mgomo mwalimu yuko nje ya geti, mpishi anatakiwa ndani, kwa sababu shule ilifunguliwa kwa wale watoto wachache wa familia maskini wanaokula bure.

Jioni ya kuamkia siku hiyo tulikuwa mezani na pai ya nyama.

"Mama, hutapita pale," Leanne akasema. "Wenzangu wote wanakujua."

"Na watoto wale hawanijui? Chakula chao cha moto ni hicho changu tu."

"Darasa langu limejaa mpaka mlangoni, Mama. Tunagoma kwa ajili ya hao hao."

"Mnamgomea nani, mwanangu? Mtoto wa waziri hali kwangu. Yuko shule ya kulipia, anamega mkate wake huku nyie mnapuliza filimbi mvuani."

Wakanigeukia wote wawili. Nikajiongezea mchuzi.

Asubuhi nilikwenda getini kuwaunga mkono walimu, kama mtu wa familia yetu anavyopaswa. Huku kwetu mstari wa wagomaji hauvukwi. Mtoto analijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Niliwawashia moto kwenye pipa, nikawa nawasimulia jinsi nilivyosimamisha farasi wa polisi kwenye mgomo wa wachimba makaa, mwaka wa themanini na nne, kwa kumkazia macho tu. Ndipo Glynis akatokea na aproni yake mkononi.

"Nipishe, Leanne."

"Mama, usinifanyie hivi mbele ya watu."

"Mbele ya watu mmechagua nyie kusimama."

Kijana mmoja mwalimu, ambaye Glynis alimlisha tangu hajaota meno ya mbele, akapaza sauti, "Msaliti!"

Glynis hakumtazama. Alimtazama Leanne, akangoja. Craig, alingoja binti yake amjibu yule kijana. Leanne akainamia bango lake. Mama mtu akapita, akaingia jikoni.

"Des, sema kitu, bwana!" mtu akaniambia. Mimi mwenye mdomo huu unaoujua wewe, nikachochea moto wa pipa.

Tangu siku hiyo hawasemezani, na wote wako chini ya dari moja kwa kuwa mshahara wa Leanne hautoshi kupanga. Kila neno linapitia kwangu. "Mwambie mamako maji ya moto yameisha." "Mwambie binti yako yapo, afungue bomba vizuri." Posta imegoma nchi nzima isipokuwa nyumbani kwangu.

Ungecheka, nami ningecheka, kama si babu yako, yaani baba yangu, na mdogo wake Arnold. Arnold alirudi mgodini siku chache kabla mgomo ule wa makaa haujaisha, mtoto wake anaumwa. Babu yako hakumsemesha tena, na tulikaa mtaa wa pili tu. Siku ya mazishi ya babu yako, Arnold alisimama ng'ambo ya barabara, kofia mkononi, na hakuna aliyemwita. Hii sijaitia chumvi. Natamani ingekuwa moja ya zile zangu.

Wiki hii walimu wanagoma tena, na Glynis ameshapiga pasi aproni.

Ningekupigia, lakini simu iko sebuleni na wote wana masikio. Ninachokuomba, piga wewe, Jumapili yoyote barua hii itakapokukuta. Glynis ndiye aliyekulea mama yako alipolazwa, na baiskeli Leanne alifundishwa na wewe. Usiniulizie mimi. Sema unawataka wote wawili, sauti ya simu iwekwe wazi wasikie pamoja, kisha waeleze lolote, hata kwamba mtoto ameota jino. Wakibishana kuhusu hilo jino, wataniona natoka zangu nje kimya kimya.

Msalimu Tamsin, umbusu mtoto, na dada yangu Janice akija kwenu mwambie kaka yake bado kasimama. Mungu awalinde, awape kazi isiyowachosha na meza yenye kelele.

Glynis anakusalimu sana. Leanne naye anakusalimu sana. Kila mmoja alinipa salamu zake peke yake, mlango umefungwa.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye toka ulipozaliwa,
Desmond Hinchliffe