Kuroa ya komanda

Bunia, siku ya ine, kisha chakula

Mujinga! Na ndiye anasema atatuchunga siye wote.

Komanda wa bariyeri, kile kizuizi cha njia, alileta pikapu yake ku garaji yangu asubui. Volan, ule usukani, ilikuwa nzito gafula, kugeuza gari ni kama kusukuma nyumba. Kwake sababu ilikuwa moja tu: Pilo, shofere wake, amenunuliwa na adui. Alimupigisha magoti mu matope, muzee muzima, analia.

Niliangalia mafuta ya direksio: imejaa. Pompe haivuji. Lakini kuroa, ule mukaba wa mpira wenye kuzungusha pompe ili volan ikuwe mwepesi, haiko. Haikukatika hata. Mutu aliifungua vizuri na ufunguo wa boloti.

Nikainua kichwa niseme. Nikaona bunduki ku bega ya komanda: inaning'inia na kuroa nyeusi, ya mupya bado. Basoda yake, askari wa bariyeri, walimutengenezea mukaba wa bunduki, na yeye alipokea tu bila kuuliza umetoka wapi!

Kucheka pale ilikuwa kufa. Nikasema: "Komanda, kuroa ilikatika, ikaanguka njiani. Pilo hana kosa."

"Mi nilijua," akajibu. "Pilo, simama."

Kisha akaniamuru nitafute ingine.

"Ya nguvu," akasema, akivuta ile ya bega. "Kama hii yangu."