Nilikungoja Uniambie Nipumue

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo
Tarehe 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U mzima huko? Shemeji naye, na lile goti lake, anaendeleaje? Sisi tunakula, tunafanya kazi, watoto wanasoma. Mzima kabisa siwezi kusema, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Ungesikia sauti yangu ikitetemeka, na mimi ndiye kaka.

Ile yoga ya Kundalini, mazoezi ya pumzi uliyonirekodia kwenye simu kwa sauti yako, nimeifanya kila asubuhi tangu mwezi uliopita. Natandika mkeka kati ya kitanda na kabati, nakunja miguu, nanyoosha mgongo, najifunga kitambaa cheupe kichwani kama ulivyosema. Wifi yako alicheka: "Umetoka kuoga au unaenda kuolewa?" Lakini usingizi ulirudi, na mgongo wa kubeba vipuri ghalani ukaacha kuuma. Niliipenda.

Jumanne nilifika kwenye pumzi ya moto, ile ya kupumua harakaharaka puani. Tumbo likapiga kama mvukuto, jasho likanitoka. Kisha ukasema, "Vuta pumzi, zuia, usiachie mpaka nikuambie." Nikazuia. Unanijua, nikipewa maelekezo siyapindi. Masikio yakavuma, nikasema moyoni, leo Chiriku amenipania. Kumbe simu ilikuwa imezimika, chaji imekwisha.

Nilizinduka nimelala ubavu, kichwa kimeegemea kabati, wifi yako ananipiga makofi mashavuni huku analia. Nilipomweleza alinifokea: "Mwanamume mzima, unangoja ruhusa ya kupumua?" Tukacheka. Kisha nikagundua vidole vya mkono wa kushoto havina hisia.

Hisia za vidole zilirudi baadaye. Muuguzi wa zahanati alisikiliza kifua, akarudia. Alisema moyo unaruka mapigo, na huenda ni jambo la siku nyingi, si yoga iliyolileta. Amenikataza kuzuia pumzi na kupumua kwa kasi mpaka nipate kipimo cha moyo, na foleni ya kipimo ni ya mwezi ujao.

Naogopa, mdogo wangu. Nikiwa kaunta nasikiliza kifua changu badala ya wateja. Jana fundi mmoja aliniambia, "Bosi, umeganda? Nimekuja kununua breki, sijaja kuposa." Nikampa klachi.

Leo nimekaa mkekani tena, pumzi za kawaida tu. Wifi yako alikaa mbele yangu, kiganja chake kifuani pangu. Nilipofumbua macho nilimkuta amebana midomo, uso umemvimba. Muda wote ule yeye hakuwa anapumua.

Sasa nikuulize jambo ambalo sijawahi kulitamka. Wewe ndiye uliyemuuguza mama mpaka mwisho wake. Alianza hivi? Naye alianguka, akainuka, akasema ni uchovu tu? Usinipunguzie hata neno. Ukiniambia, nitamwambia daktari. Usiponiambia nitaendelea kujitungia mwenyewe, na ninayojitungia ni mabaya kuliko lolote unaloweza kuandika.

Msalimie sana shemeji. Watoto wanamsalimu shangazi yao, na wifi yako anasema chaji ya simu yangu sasa ni juu yako. Baba mdogo usimwambie kitu. Ukoo mzima utakuwa umeshanililia kabla ya Ijumaa. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe ujasiri wa kuniandikia ukweli.

Kaka yako akupendaye, anayelichungulia sanduku la barua tangu sasa,

Mzee wa Vipuri