Wateja Wanataka Kusukwa Picha Zangu za Fizikia

Mama Mshauri mpendwa, nakusalimu kutoka Gihosha, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho ingawa ni ndefu, maana sina mwingine wa kumwambia.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, upande wa sayansi, naishi kwa mama mdogo wangu, Tanti Huguette, mwenye saluni ya kusuka mbele ya nyumba, na mama yangu mzazi yuko Uvira anauza vitenge. Profesa wetu wa fizikia, Profesa Birindwa, ana picha mbili kubwa alizochapisha mwenyewe, za siku ambazo wataalamu waliona kwa mara ya kwanza chembe fulani ndogo kuliko atomu, moja ya mwaka 1932 yenye mstari mmoja uliopinda, ambao ni njia ya positroni, pacha wa elektroni anayepinda upande wa pili, ndani ya chombo cha mvuke, na nyingine ya mwaka 1964 yenye mistari mingi inayogawanyika na kujiviringa, na utaratibu wake ni kwamba kila mwanafunzi anazichukua kwa zamu, anazitundika ukutani kwao, anaishi nazo, halafu anakuja kueleza mbele ya darasa amezielewa vipi, kwa sababu anasema picha unayoiona kila siku ukinywa chai inakufundisha kuliko ile uliyoikariri.

Zamu yangu ilipofika nilizitundika saluni, kwa kuwa chumba ninacholala na binamu zangu kina unyevu, na alasiri zote niko saluni kumsaidia Tanti. Kuta za pale zimejaa picha za misuko. Bi harusi mmoja, Amira, akakaa kwenye kiti, akanyoosha kidole.

"Mi nataka ile ya pale, yenye kuzunguka-zunguka."

"Dada, ile si musuko, ni chembe."

"Basi nisukie chembe."

Tanti alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanipa kitana. Nilisuka mimi kwa sababu ile mistari naijua, na kwa kweli alipendeza, halafu wakaja dada zake, halafu marafiki wa dada zake, na wamama watu wazima wao wanapenda ile ya 1932 kwa kuwa ni rahisi na haivuti kichwa. Siku moja Tanti aliisuka yeye, nikamwambia, "Tanti, umeipindisha upande mwingine, hiyo sasa ni elektroni," na mteja akauliza chini ya mikono yake, "Elektroni ni bei gani?" Tanti akamjibu, "Bei ni moja, mama, geuza kichwa."

Watu wote walicheka, na mimi nilicheka, lakini Mama Mshauri, nimechoka. Zamu yangu imepita zamani, mwenzangu Orpha anazisubiri picha, profesa ameniuliza mara mbili nami nikamjibu bado kidogo, na sijajiandaa kueleza chochote, maana kila siku nikitoka shule nakuta vichwa vinanisubiri, vidole vinauma hata kushika kalamu, na nikifungua kitabu naona nywele tu. Nilipomwambia Tanti nataka kuzirudisha alisema, "We mutoto, ziache hapo! Batu banakuya juu ya hizo picha. Nikizitoa nitabandika nini, kalandriye ya kuhesabia siku?" Yeye ndiye anayenilisha na kunisomesha, siwezi kumvunja moyo. Mtihani wa taifa unakaribia, na natamani sana kusoma fizikia chuo kikuu. Je, nizitoe kwa siri akiwa sokoni? Au nimwambie profesa zimelowa na mvua?

Mwanafunzi, Gihosha

*

Mwanangu, pole. Barua nimeisoma yote, na ninaona umeandika sana juu ya karatasi mbili na kidogo sana juu ya vidole vyako.

Ule uongo wa mvua utupe leo hii. Aliyekuazima kitu anachokipenda humrudishii uongo. Kuzitoa kwa kujificha nako ni utoto. Ukuta ni wa mama mdogo wako, ataliona pengo kabla hajavua viatu. Zitoe mbele yake, asubuhi, wateja hawajafika, umwambie zinarudi kwa mwenyewe. Atafoka. Mwache afoke.

Unaogopa wateja watakimbia? Hebu fikiri, wewe mtu wa sayansi! Amira ameizungusha ile picha mji mzima kichwani kwake. Musuko hutangazwa na vichwa, na mama mdogo wako anajua hilo kuliko mimi na wewe. Anachoogopa kukosa ni mikono yako. Na wewe unalijua, ila ni rahisi kudai picha za profesa kuliko kudai alasiri zako mwenyewe.

Usimchukie. Anasimama kutwa nzima, naye amechoka. Lakini mtu aliyechoka humwegemea aliye karibu, na asipoambiwa kitu ataendelea kuegemea.

Kwa hiyo Jumamosi hii mfundishe msichana mwingine wa pale saluni misuko yote miwili, polepole, mpaka aiweze bila wewe. Kama hakuna, mfundishe binamu yako mmoja. Mwambie profesa ukweli wote, hata ule wa elektroni, na umwombe siku chache za kujiandaa. Mwalimu wa namna hiyo hatakufukuza. Kisha Jumapili, Tanti akiwa amekaa na mikononi mwake hakuna kichwa cha mtu, mwambie hivi: Jumamosi mi ni wako kutwa, siku za shule apana, mpaka mtihani upite. Akikuuliza kama vitabu vinaliwa, usibishane, rudia maneno yale yale. Akikataa kabisa, mpigie mama yako Uvira azungumze na mdogo wake.

Na usianze kwa kuomba radhi. Kuchoka si kosa. Sema unachohitaji, halafu nyamaza, umsubiri yeye ajibu.