Kajumba ka Miguu Mine

Jumatatu, 8 Aprili

Nimechota maji tena. Beseni kwa beseni, kutoka salon, sebule yetu, hadi nje, na ziwa linayarudisha. Kazi ya wendawazimu. Jana yalifika tofali la pili, leo la tatu. Makala yote ya kupikia yamelowa, samaki wangu wa ndagala nimewapikia kwa vipande vya kiti. Neema wetu ana miaka sita, anafurahi, anasema sasa tuna ziwa letu wenyewe. Nimemfokea, kisha nimejuta.

Baba amekaa juu ya kitanda chake, miguu juu, rozari mkononi. Ni baba wa bwana yangu. Tangu mama mukwe afariki kule Runingu anaishi nasi, mu chumba cha nyuma. Siku nyingine nampenda kuliko ninavyompenda mwanawe. Kama leo. Nyumba inazama, mwanawe iko nje anagonga misumari. Anatengeneza kasanduku ka kulala, ka kuweka mgongoni mwa pikapu yetu. Aliona kamoja kwa wazungu waliopita mpakani Kavimvira wakizunguka ziwa. Tangu hapo hana akili nyingine.

Alhamisi, 11 Aprili

Kamekwisha. Nilijiandaa kucheka, nimeshindwa.

Mbao, kuta za tripleksi, mabati ya manjanja juu. Kila pembe ina mguu, na kila mguu una kriki, ile ya kuinulia gari ukibadilisha gurudumu. Unazungusha, kajumba kanainuka, pikapu inatoka chini yake na kwenda kutafuta chakula. Kenyewe kanabaki kamesimama kama mbuzi. Ukitaka kuhama, pikapu inarudi kinyumenyume, unashusha, unafunga, unakwenda. Majirani wa avenue nzima walikuja kutucheka. Baadaye wakaanza kuuliza bei.

Ndani kuna meza inayokunjwa ukutani. Kabati la sahani lenye kifungo zisianguke njiani. Kitanda toka ukuta hadi ukuta, chini yake nafasi ya magunia. Dirisha dogo linaloangalia ziwa. Niliingia peke yangu, nikafunga mlango. Pakavu! Nililia kidogo. Sikumwambia muntu.

Jumamosi, 13 Aprili

Ukuta wa jikoni umeanguka tukinywa chai. Hakuna aliyeumia, Mungu asifiwe. Kabla ya mchana tulikuwa tumehama, sisi na vitu vyetu vyote, hadi uwanja wa parokia huku juu. Majirani bado wanabeba magodoro kichwani. Nilijiona malkia.

Halafu jioni. Baba alifika mlangoni, akachungulia. Chumba kimoja. Kitanda kimoja. Akarudisha mguu chini.

Yooo. Hatukufikiri. Baba mukwe na mke wa mwanawe hawalali chumba kimoja, hiyo hata Neema anaijua. Miaka yote hii sijakalia kitanda chake, naye hajatia mguu mu chumba chetu. Bwana yangu alipima pikapu, akapima godoro, akapima hata sufuria zangu. Baba yake hakumkumbuka. Na mimi niliyelia kwa furaha mle ndani, sikumkumbuka pia.

Baba alisema, "Miye iko sawa hapa." Amelala mu kabini ya pikapu, amekaa, magoti kifuani.

Jumanne, 16 Aprili

Nimetundika kitenge katikati. Baba amekiangalia, akanishukuru, akasema kitenge si ukuta.

Bwana yangu akapandisha sauti. Mafuriko haya, Baba, mambo ya zamani tuyaache! Baba akajibu polepole kwamba mafuriko yatapita, na siku hiyo tutatazamana vipi. Nikasema basi nitalala kwa majirani, chini ya shitingi zao za plastiki. Hapo Baba alikasirika, mara ya kwanza tangu niolewe. "Weye ndiye mwenye nyumba. Nikufukuze, halafu mimi niitwe nani?"

Wakaidi watatu. Tumelala kila mtu na hasira yake.

Jumatatu, 22 Aprili

Bwana yangu amepata mzigo bandarini Kalundu, wa kupeleka Bukavu. Hawezi kukataa, unga umekwisha. Asubuhi amezungusha kriki, kajumba kamesimama, pikapu imetoka. Kitanda cha Baba kimeondoka nayo. Ndiyo uzuri wa kitu hiki tuliousifu mbele ya avenue nzima.

Nimemwomba padri kona yoyote. Maskini, amenionyesha mwenyewe. Madarasa yamejaa watu hadi mlangoni, sakristia imejaa magodoro. Baba ametandika mkeka chini ya kajumba, katikati ya miguu. Nimezungushia shitingi. Anasema kuna hewa nzuri. Hewa nzuri!

Jumatano, 24 Aprili

Mvua na upepo wa ziwani. Kajumba kanayumba, sahani zinalia kabatini. Ubaya wake sasa naujua wote. Mchana ni tanuru. Jiko la makala haliingii. Watu wawili hawapishani, mmoja lazima akae kitandani. Hayo navumilia. Kukohoa kwa Baba chini ya sakafu siwezi.

Leo nimechoka na heshima yake. Nilitoka, nikajilaza mimi kwenye mkeka, nikamwambia aingie kwa mjukuu wake. Hakubishana. Aliamka, akaenda kukaa juu ya jiwe, mvuani, akaningoja. Nikasema atachoka. Hakuchoka. Nikasema nami nina kichwa ngumu, tutaona. Tuliona. Nilirudi ndani nikimtukana kimoyomoyo, naye alikuwa ameloa mpaka mifupa. Ni mimi niliyemlowesha.

Jumapili, 28 Aprili

Baba ana homa tangu juzi. Kengele ya misa imelia hapa hapa karibu na hakuinuka. Neema nimemwachia majirani, Baba nimemfunga kwa kitenge katikati yangu na mwenye moto, ile pikipiki ya kukodi, tumempeleka hospitali. Mapafu, wamesema. Yote mawili.

Nimempigia bwana yangu. Tope limekata barabara kule Katogota, magari yamepanga mstari, hakuna anayepita. Nilimwambia kasanduku kake kanamuua baba yake. Sikupaswa kusema. Nimesema.

Jumanne, 30 Aprili

Vitanda vingi mu sale moja, ukumbi mrefu. Wagonjwa juu, sisi tunaowalinda chini, wake, dada, wakwe, wote kwenye mikeka. Wangu nimeutandika chini ya kitanda chake, ninaweza kushika blanketi lake bila kuinuka. Hakuna anayeshangaa. Hospitali haina mukwe.

Leo alfajiri amefumbua macho, akaniona pale chini. Akatazama kuta zote nne. Akacheka, bila sauti, kifua kikimuuma.

"Umenishinda, mwanangu. Tumelala chumba kimoja."

Nikamwambia, "Lakini ni kikubwa, Baba."

"Ndiyo. Ni kikubwa." Akakubali uji, vijiko vichache. Nimefurahi mno leo.

Alhamisi, 2 Mei

Baba amekufa asubuhi. Uji ulikuwa bado wa moto.

Bwana yangu amefika mchana, pikapu ina tope hadi kwenye vioo.

Jumamosi, 4 Mei

Ndugu wameteremka kutoka Runingu, uwanja umejaa. Walitaka jeneza liwe chini ya shitingi, wazee wa ukoo wakakataa. Muntu hatoki kwenda kaburini kutoka chini ya plastiki. Anatoka mu nyumba ya mtoto wake.

Jeneza halikupita mlangoni. Wakajaribu kwa ubavu, wakajaribu kulisimamisha. Nikapiga kelele waache, si kabati hilo. Bwana yangu akaleta bisibisi. Akafungua ukuta wote wa nyuma, skrubu moja moja, anaziweka mdomoni, machozi yanateremka na hawezi hata kupangusa. Ukuta ukashushwa, Baba akaingizwa.

Sisi wanawake tukapanda kukaa naye, wale tuliotosha. Wengine walibaki chini wakiimba. Mimi nilikaa upande wa kichwa, mgongo wangu kwenye kitanda changu, mkono juu ya jeneza. Wazee wote waliona. Hakuna aliyenikataza. Nilikuwa na hasira nao, na padri, na ziwa, na Baba zaidi ya wote. Angeweza kuingia akiwa hai. Ningegeukia ukutani. Ningefunika uso.

Tumemzika kabla ya mvua.

Jumapili, 12 Mei

Matanga yamekwisha, ndugu wamerudi kwao. Bwana yangu amerudisha ukuta. Nimeosha ndani na nje. Nimemwomba msamaha kwa ile simu, akasema hapana, ulisema kweli. Hiyo ni mbaya kuliko kama angenipiga.

Jumapili, 19 Mei

Maji bado hayajarudi nyuma.

Baada ya misa alikuja bwana mmoja wa Kalundu, anauza mafuta ya mawese, ana pikapu yake. Nyumba yake nayo iko ziwani. Alizunguka kajumba, akazungusha kriki mwenyewe, akakunja meza, akakunjua, akacheka kama mtoto. Anataka kama haka, haraka. Bwana yangu akatoa mita, akaanza kupima pikapu yake. Nilikuwa nachambua majani ya sombe. Nikasema, bila kuinua kichwa, "Muulize kwanza iko na nani nyumbani."

Akamuuliza. Mke, watoto wawili, na mama wa mke wake.

Bwana yangu aliacha kupima. Akarudisha mita mfukoni, akamwambia hataweza. Yule bwana alidhani ni bei, akaongeza, akaongeza tena. Kazi tunaihitaji, Mungu anajua. Bwana yangu akatikisa kichwa tu, akamsindikiza hadi barabarani.

Tumekula bugali na sombe mlangoni, miguu nje. Neema amesinzia akitafuna. Tumemlaza katikati, tukalala naye, mmoja huku, mmoja huku. Nafasi iko.